Kipoyi Kitupu

Kwetu, milimani juu ya Kibabi, mgonjwa hasafiri, husafirishwa. Njo sheria ya kipoyi, ile machela yetu ya mianzi na kamba: kila nyumba hutoa mwanaume mmoja wa kubeba, na asiyekuja hutozwa mbuzi. Mama yangu amewasindikiza wengi kwa nyimbo, wao wamelala ndani, yeye akitembea kando. Siku yake ilipofika, akakataa kulala.

Alikuwa na kansa ya titi. Daktari wa kupasua alikuwa anafika hospitali ya Kirotshe kesho yake, siku moja tu, na nani ajuaye angerudi lini. Mvua ilikuwa imekata njia, pikipiki hazipandi. Ilibidi twende kwa miguu, mlima baada ya mlima, mpaka barabara kubwa, ambako gari la mfanyabiashara mmoja wa Butembo lingetungoja mpaka saa nane, si zaidi. Mama akavaa kikwembe chake cha misa, akashika fimbo, akasema: "Miye siko maiti. Nitatembea."

Basi akatembea. Na kwa kuwa sheria ni sheria, wanaume wanane wakamfuata na kipoyi kitupu mabegani. Kila kijiji tulichopita watu walivua kofia, wanawake wakashika vichwa, wakauliza tumefiwa na nani. Mama ndiye aliyewajibu kwamba marehemu ni yeye, ila amechelewa kidogo. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Hayo ningevumilia. Kilichonichemsha damu ni uvivu wa wale wanaume. Hawa ni watu wanaopanda mlima na gunia la viazi mgongoni huku wanapiga soga. Siku hiyo, mlima wa kwanza hatujafika nusu, mmoja akakaa chini: jiwe limeingia kwenye buti. Mlima wa pili, mwingine goti. Kisha mzee mmoja kati yao, Papa kiongozi wa shirika letu, yaani majirani tunaosali pamoja, akashukiwa na Roho. Tusimame, tuombe. Akamwombea Mama, akawaombea madaktari, Baba Mtakatifu, ng'ombe wetu, hata wezi wa ng'ombe. Mama amekaa juu ya jiwe, amefumba macho, anaitikia amina. Roho wa Papa huyu alipenda miinuko; kwenye tambarare hakuwa na neno.

Ningeshtuka hapo, kama ningekuwa na akili. Lakini hasira hasara, na mimi nilikuwa nayo ya kugawia kijiji. Nikamvuta pembeni nikamwambia kwamba Mungu amekwisha kusikia, ila dereva hasikii, na saa sita imepita. Nikasema wamekuja kutafuta baraka kwa mgongo wa mama yangu.

Hakukasirika. Alinionyesha kwa kidevu tu. Mama alikuwa pale jiweni, midomo imekauka, mkono umebana ubavu, anahema.

"Dada," Papa akasema chinichini, "tukimwambia apumzike, atainuka aendelee kutembea."

Niliona haya. Nusu siku nzima nilikuwa nawachunga wao na buti zao, mama yangu sikumtazama vizuri hata mara moja.

Ulibaki mlima mmoja. Papa akavua kofia, akaanza upya, polepole, tangu kwa Ibrahimu. Mama akafumbua macho. Akawatazama wale wanaume, mmoja mmoja, wote wanane, kisha akanigeukia.

"Hawa bapapa bamechoka kupumuzika kwa sababu yangu," akasema. "Bakiendelea hivi gari itaenda. Baniweke."

Akalala mwenyewe, akanyoosha kikwembe, akaweka fimbo kando yake. Papa alibaki na kofia mkononi, Ibrahimu wake amekatikia njiani. Wanne wakashika miti, wakahesabu moja, mbili, tatu, wakainua kwa nguvu ile waliyozoea kuinulia mtu mzima. Kipoyi kikaruka juu, nusura kimtupe. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba Mama alikuwa amebaki mwepesi namna ile.

Mlima ule waliupanda bila kusimama, na gari tulilikuta. Njia nzima hakuna aliyeomba kwa sauti.