Kichuguu Kwenye Kaburi la Baba

Kazi yangu ni kuua mchwa. Naifanya Geita, kwenye misingi ya nyumba zinazojengwa kila siku kuzunguka migodi. Mafundi walionicheka mwanzoni, mwanamke na pampu mgongoni, siku hizi wananipigia simu kabla hawajamwaga zege. Najisifu sasa hivi kwa sababu huko mbele sitapata nafasi.

Mama alikuwa anaishi peke yake kwenye nyumba yetu, kijijini, nje kidogo ya Kolandoto. Paa lilikuwa linaliwa. Ukisimama sebuleni uliona boriti la kati limebonyea na mabati yamelifuata. Nilitaka ahamie kwangu kabla ya mvua, paa lisije likamwangukia akiwa kwenye kiti chake. Akakataa. Alisema hawezi kumwacha baba.

Baba alikuwa na miaka minne kaburini. Tulimzika uani, kama tunavyozika watu wetu, hatua chache kutoka jikoni, na hatukulijengea kaburi saruji kwa kuwa mwenyewe alikuwa amekataza. Mvua za kwanza baada ya mazishi, kichuguu kikaota upande wa kichwa. Nilisema kibomolewe kikiwa bado kidogo. Mama akanitazama kana kwamba nimemtukana. Ni mtu wa kanisa, hana habari na waganga, lakini kila asubuhi alikwenda kusimama mbele ya kichuguu kile, akainama kidogo na kusema, "Mwangaluka," kama alivyomwamkia baba akiwa hai. Majirani walipokuja kuomba udongo wake wa kukandikia nyumba aliwanyima. Kumbikumbi walipotoka aliwaacha waruke waende zao, na mama anapenda kumbikumbi kuliko nyama.

Halafu kulikuwa na kule kugonga. Baba alikuwa fundi wa matimba kule Mwakitolyo, yale magogo yanayozuia kuta za duara, shimo la kuchimbia dhahabu, zisiwafukie wachimbaji. Alikuwa na tabia ya kugonga kila mti kwa kifundo cha kidole ili asikie kama ni mzima. Hata nyumbani aligonga meza, milango, mpini wa jembe. Sasa ukikaa sebuleni mchana kweupe, ukanyamaza, ulisikia ndani ya boriti mgoto mdogo wa haraka haraka, kisha kimya, kisha tena. Nilimweleza mama kwamba askari wa mchwa wakishtuka hugonga vichwa vyao kwenye mbao kuwaonya wenzao. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Na nani amewafundisha kugonga kama baba yako?" akaniuliza.

Vinyweleo vilinisimama. Nikakasirika kwa sababu vilinisimama, mimi ambaye mchwa ndio unga wangu.

Wateja wangu huwa nawaambia jambo moja kabla sijafungua dumu la dawa: jua kwanza ni mchwa gani. Wa ardhini hawawezi kuishi bila unyevu wa udongo, kwa hiyo wanatembea na udongo wao. Wanajenga vijia vyembamba ukutani, upana wa penseli, na mbao walizokula utazikuta zimejaa tope ndani. Hao unawazuia kwenye msingi: dawa ardhini, saruji isiyo na nyufa, kuni na mabua mbali na ukuta. Lakini wapo wa mbao kavu. Hao hawana haja na ardhi kabisa. Wanazaliwa ndani ya ubao, wanakula ubao, wanafia humo humo, na kitu pekee wanachotupa nje ni punje ngumu, ndogo kuliko ulezi. Ukimwaga dawa chini kwa ajili ya hao, umewanywesha minyoo tu.

Haya yote nayajua. Siku ile niliyatia kapuni.

Mama alikuwa amekwenda kliniki ya presha, na nilijua hatarudi kabla ya alasiri. Nilizunguka nyumba nikaona kijia cha udongo kwenye ukuta wa nyuma. Nikakibomoa, wakatoka askari wenye vichwa vikubwa vyekundu. Nikasema basi, nimempata mwizi. Sikufuata kijia kile kuona kinaishia wapi. Ningekifuata ningeona kinafika kwenye kitita cha mabua kilichoegemezwa ukutani na hakipandi zaidi ya hapo. Lakini nilitaka kiwe kichuguu. Wacha niseme ukweli: nilikuwa na wivu nacho. Mimi nilikuwa mtoto wake wa kumzaa, namsihi mama miezi mitatu mfululizo, na yeye anachagua rundo la udongo.

Nikachukua sululu. Kichuguu ni kigumu kama tofali la kuchoma, nilipiga mpaka viganja vikachubuka, na kila pigo nilihofia sululu itazama mahali nisipotaka kupaona. Nilikuwa nikisema kwa sauti, "Samahani baba, samahani," huku nikiendelea kupiga. Nikakifikia chumba cha malkia, nikamtoa, mnene kama kidole gumba, mweupe, anatikisika tu hana pa kwenda. Nikamwaga dawa, nikasawazisha kaburi, nikalifagia vizuri.

Mama aliporudi alisimama uani, mkoba wa dawa zake ukiwa mkononi. Hakulia wala hakunigombeza.

"Umemtoa?"

"Nimetoa mchwa, mama. Sasa paa litapona."

Akaingia ndani, akakaa kwenye kiti chake. Nikamfuata nikakaa chini, mgongo ukiniuma. Na pale juu, kwenye boriti, kukagongwa.

Mama aliinua macho, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ukalegea. Nilipanda juu ya meza, nikaligonga boriti kwa mpini wa bisibisi, nalo likanijibu. Nikachoma. Bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini, kama kwenye mkate, na punje kavu zikanimwagikia mkononi. Hakukuwa na chembe ya udongo. Punje zile zile mama alikuwa akizifagia kila asubuhi chini ya boriti lile, akisema ndege wanaangusha mbegu. Nilikuwa nimemwona akizifagia. Nilikuwa nimezikanyaga.

Boriti lile lilikuwa la baba. Alipoezeka nyumba alibeba mbao kutoka Mwakitolyo, za kibanda cha winchi juu ya duara lililofungwa, mbao zilizokuwa zimekaa juani miaka mingi. Alizigonga moja moja, akaridhika nazo. Mchwa walikuwa ndani tayari, na yeye mwenyewe ndiye aliyewaleta nyumbani begani.

Nilishuka nikamwambia mama kila kitu. Nilimwambia wa kaburini hawakuwa na kosa.

"Kwa hiyo hawa wa juu ndio walikuja na baba yako?"

"Ndiyo, mama."

"Na hawa nao utawatoa?"

"Nisipowatoa paa litakuangukia."

Alifunga mkoba wake. "Watoe basi," akasema. "Umeshaanza." Kisha akaniambia yuko tayari kwenda Geita, tena kesho yake. Nilikuwa nimesubiri neno hilo miezi mitatu, na lilipokuja nilitamani alirudishe.

Nyumba ile niliitengeneza kama sijawahi kutengeneza ya mteja. Niliteremsha paa lote nikachoma moto kila kipande cha mbao. Nikapandisha mbao mpya, nyingine, zilizonyweshwa dawa mpaka kwenye moyo wake, na nilipozikata nikazipaka dawa tena kwenye ncha. Nikaziba nyufa za sakafu, nikaondoa mabua, nikaacha ukuta wazi pande zote ili kijia chochote kionekane. Ukikaa sebuleni leo husikii kitu.

Nilirudi Geita nimechoka na, nakiri, nimefurahi. Mama alikuwa ukumbini anachambua choroko. Nikamsalimia shikamoo, nikakaa karibu yake, nikamwambia nyumba yake imekamilika, mvua zije tu, anaweza kurudi hata wiki hii.

Aliendelea kuchambua.

"Nikakae na nani?" akauliza.