Mzee Mtoto

Walisema sitaweza. Nilikuwa nimetahiriwa na kuitwa mwanamume ndipo nikaenda kuanza darasa la kwanza na wavulana ambao hawajatahiriwa. Kwetu Silibwet mwanamume hakai na wavulana, hata kula hali nao. Mjomba akaja nyumbani, akamwambia mama nikisikia, "Huyu wako ni mzee mtoto. Maziwa ya mursik tumpe kwa kibuyu ama tumlishe kwa kijiko?"

Jina likashika kutoka mtoni hadi sokoni. Nami nililipenda. Asubuhi niliimba herufi na watoto, jioni nilikaa na wanaume kuzungumza juu ya malisho. Nani mwingine angeyaweza yote mawili? Mjomba naye nilimpa lake, kimoyomoyo maana mjomba hatukanwi: tajiri mwenye njaa. Zizi lake lilijaa, na mgeni aliondoka kwake bila kuonja maziwa.

Nilipopata nafasi ya chuo Uganda, marafiki watatu wa marehemu baba walinikopesha mtamba kila mmoja, nikawauza Sotik nipate karo. Mama aliweka ng'ombe wake rehani kwa wazee hao. Nikishindwa, wangechukuliwa wote, na mjane bila ng'ombe ni mtu wa kuombaomba. Mjomba hakutoa hata kwato. Aliwaambia wazee wale kwamba sasa wanafuga ng'ombe hai waliokufa.

Nikarudi na diploma ya ualimu, wa kwanza upande wetu, na hadi leo iko ukutani ndani ya kioo. Nikafundisha Sotik, nikanunua mitamba watatu mnadani, mmoja mmoja. Sikununua aliyekonda hata mmoja. Nilingoja wote washike mimba, kisha nikawaswaga mchana kweupe kuwalipa wazee, nikiwa na suti, tai na fimbo.

Mjomba alikuwa njiani. "Mwalimu mchungaji," akasema.

"Ndiyo, mjomba. Wale waliokufa wamefufuka, tena na mimba."

Akatupisha.

Wazee wawili walipokea mitamba wao bila maneno mengi. Wa tatu, aliyekuwa mkubwa wao, alimpapasa mtamba tumboni, akanitemea mate ya baraka kifuani, juu ya tai yangu mpya. Sikuifuta.

"Mzee," akaniita, kisha akasita.

"Malizia, baba."

"Mtoto wangu."

Jioni hiyo mama alikamua ng'ombe wake mwenyewe, akiimba kwa sauti ya kumfikia mjomba.