Kadi ya Sauti na Printa

Kompyuta yangu tuliinunua kwa ng'ombe wawili wa kulimia. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameingia Bariadi, ofisi ya ushirika nilikokuwa mpiga chapa ikatupunguza, nami nikafungua chumba cha kuchapa karibu na stendi. Mume wangu aliwauza ng'ombe wale bila kununa. Kisha akaenda Mwanza, akarudi na kadi ya sauti ya mtumba, akaipachika mwenyewe ndani ya kompyuta, ili jioni akitoka shambani apitie ofisini kwangu tusikilize kwaya. Ile nusu saa ndiyo iliyokuwa yetu. Nyumbani kulikuwa na watoto, kuni na wageni.

Tangu siku hiyo printa ikawa inatoa nusu ukurasa, inaganda. Fundi redio aliitazama akakuna kichwa. Nikasoma kijitabu cha mashine mwenyewe, kamusi mkononi, siku tatu, hadi nikaelewa: kila kifaa kina namba yake ya kuishtua kompyuta kikitaka kuhudumiwa, na kadi na printa vyote viling'ang'ania namba saba. Kadi ingeweza kuhamia tano, ila pini zake za kuchagulia tano zilikuwa zimevunjika huko ilikotoka. Nilimlaani aliyeiuza.

"Mwangaluka, mayu," mwalimu mkuu alinisalimu kwa Kisukuma mlangoni. "Mitihani yangu vipi? Watoto wanaanza kesho."

"Mwangaluka. Keti, mwalimu, inatoka sasa hivi."

Nikachukua bisibisi, nikaing'oa kadi. Karatasi zikatoka zote, mpaka ya mwisho.

Jioni mume wangu alikuta spika kimya. Nikamweleza ugomvi wa namba saba.

"Basi mchana iwe ya printa," akasema, "jioni iwe yetu."

Nikakubali. Ilikuwa kazi ya robo saa tu, kufungua skrubu na kupachika.

Nilifanya hivyo siku mbili. Siku ya tatu zilikuja barua za maombi ya kazi na kadi za harusi, mgongo ukawa unawaka moto. Mume wangu alipofika nikamwambia, "Leo nimechoka, baba. Kesho." Akasema hamna shida, akakaa kidogo kwenye benchi, akaondoka. Kesho yake nikamwambia vilevile.

Siku ya tano hakuingia. Nilimwona dirishani, ng'ambo ya barabara, akikokota baiskeli kuelekea nyumbani, wala hakugeuza shingo. Niliumia sana. Bado nilikuwa na karatasi za kupanga, nikabaki nimekaa.