Masika Yalivyomlia Gharib Farasi Wawili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Tudor. Mvua imekatika sasa hivi na majani bado yanadondosha maji. Gharib Faraj amechutama nyuma ya farasi wake, kijiti mkononi, anachambua kinyesi.

Anapasua donge, anainamisha uso, anatazama, kisha anasogea kwenye donge la pili. Najua kinyesi si habari ya kusomwa na mtu anayekunywa chai, na msomaji anisamehe. Lakini mzee huyu wa miaka sitini na mmoja hana mahali pengine pa kusoma kama mnyama wake ataiona wiki ijayo.

"Wamo," anasema bila kuinua kichwa. "Leo ni wengi kuliko jana."

Anaowasema ni minyoo, wembamba na wekundu kama nyuzi. Farasi anaitwa Johari, jike la kahawia lenye baka jeupe usoni, na ndiye aliyebaki kati ya watatu. Tumbo limevimba, mbavu unaweza kuzihesabu ukiwa barabarani, na manyoya ambayo watoto walikuwa wakiyashika kwa furaha siku za Idd yamesimama, hayana nuru.

Gharib ni saisi, yaani mtunza farasi, tangu ujana wake. Kila asubuhi hutoka kwake Kibokoni, Mji wa Kale, akaja kwa miguu hadi kwenye banda hili nyuma ya nyumba tupu. Kwa miaka kumi na tisa alimtumikia hapa mfanyabiashara mmoja Mwingereza. Mwisho wa mwaka 1963, bwana huyo alipofunga mizigo kurudi kwao, aliazimia kuwapiga farasi wake risasi, kwani hakuona wa kumwachia.

"Nalimshika mkono," Gharib anakumbuka. "Nikamwambia, bwana, hawa nimewalea mimi. Niachie. Wakifa, na wafe mikononi mwangu."

Bwana akalainika. Siku moja kabla ya kupanda meli, alinakili maagizo kutoka kitabu chake cha Ulaya, akayageuza kwa Kiswahili chake cha jikoni na kumkabidhi saisi. Gharib ameitunza karatasi hiyo katika mkebe wa biskuti, na ananifungulia niione. Inasema dawa ya minyoo itolewe mwezi wa kumi na mwezi wa kwanza. Halafu inasema: "Mwezi ya ine na ya tano farasi yote fungua, kula majani mbichi siku muzima."

Mwezi wa nne na wa tano, huko kwao, baridi inaisha na nyasi zinachipua. Kwetu ni masika. Mimi mwenyewe niliisoma mara mbili kabla ya kung'amua, basi sina haki ya kumcheka mtu.

Bwana alipokuwapo, farasi walilishwa nyasi kavu zilizoletwa kwa gari moshi kutoka bara, na kosa la karatasi halikupata nafasi ya kuonekana. Alipoondoka, nyasi hizo nazo zikakoma. Gharib akaanza kujitafutia riziki kwa kupakia watoto katika viwanja vya Tononoka, senti hamsini mzunguko mmoja, na mara mojamoja kukodisha farasi kwa bwana harusi. Idd ikiwa njema, siku tatu zilimpa shilingi sitini. Malisho yakawa ni hayo majani ya uwanjani, kama karatasi ilivyoagiza.

Baada ya masika ya mwaka jana alikufa Sultani. Gharib alidhani ni jicho la watu, akaita mwalimu amsomee yule wa pili, Tufani. Mwezi uliopita Tufani naye akaanguka. Aligaagaa siku mbili, akiligeukia tumbo lake kulitazama, kisha akafa.

Safari hii aliitwa Crispus, kijana wa bara ambaye ni msaidizi wa daktari wa mifugo. Alimpasua Tufani mbele ya mwenyewe.

"Mzee Gharib alitaka kujua, nikamwonyesha," Crispus ananiambia. "Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi. Wakati wa kaskazi, jua hukikausha kinyesi upesi na mengi hufia humo humo. Masika, kwa unyevu na joto hili, wiki moja tu wadudu wameshaanguliwa, wanapanda nyasi kwenye umande. Farasi akila asubuhi, anawala na wao. Na dawa ilikwisha mwezi wa kwanza. Mvua zilipofika, chupa ilikuwa tupu."

Johari amepewa dawa. Crispus hataki kuahidi chochote. "Mishipa ya tumbo ikishaharibika, dawa hairudishi," anasema.

Kinachomuumiza Gharib ni kwamba aliona. Miaka yote alizoa kinyesi akijua kuwa cha kaskazi huwa vumbi kabla ya adhuhuri kesho yake, na cha masika hukaa kibichi kikichezacheza. Hata mkewe, Mwanakhamis, aliyekuwa akija kumsaidia kufagia, aliona.

"Nalimwambia, baba Aidarus, mbona wawafungua na mvua hini?" anasema mama huyo. "Akanambia karatasi ndivyo isemavyo. Hatukusema tena."

Kesho kutwa mwezi wa Maulidi unaandama, na baada yake harusi. Tayari watu wawili wamekuja kumtaka Johari, na Gharib amewarudisha. Ameketi sasa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkebe magotini.

"Risasi ni kitu cha mara moja," anasema. "Tufani alilia siku mbili. Mimi ndiye nilomwombea hayo."

Nilimuuliza kwa nini hajaichana karatasi.

"Bwana aliiandika kwa nia njema," anasema. "Nami nikaifuata kwa nia njema. Waliokufa ni wao."

Mpango wake ni mdogo. Johari hatatoka bandani. Nyasi atazikata mchana, baada ya umande, na kuzianika juu ya bati siku mbili kabla ya kumpa. Johari akifika vuli akiwa hai, Gharib atatafuta dawa kabla ya mvua, hata kama itambidi auze tandiko. Tena ana ombi kwa gazeti.

"Andika, bwana, kwa kila mwenye farasi au punda. Asimfungue asubuhi kuna mvua. Wala usiandike mwezi. Andika masika."

Nimeandika. Ninapoaga, manyunyu yanaanza tena. Gharib anapanda juu ya ngazi, anavua koti lake na kuzifunika nyasi alizoanika jana juu ya bati. Nyuma yake, Johari amepiga magoti ya mbele na kulala.