Nilimpa Vocha Aliyemtaja Wifi Yangu

Kosa ni langu peke yangu, msinitafutie wa kugawana naye. Jina silitaji. Siwaogopi nyinyi, ila kuna binti analala chumba cha pili hapa kwangu, anaolewa karibuni, na hajui haya ninayotaka kuwaambia.

Miaka ile Manyara ndiyo kwanza imekuwa mkoa unaojitegemea, intaneti ikafika Mbulu mjini. Mimi nilikuwa na kibanda cha kuchapa barua na kutoa kopi. Nikafungua blogu. Niliandika habari za kwetu: barabara, harusi, mazao, na umbea kidogo. Hakuna aliyesoma! Unaandika, unasubiri, unakuta hakuna hata komenti moja.

Aliyesoma alikuwa mmoja tu, mke wa kaka yangu. Wifi aliishi Nambis na mama yetu. Siku za mnada alishuka na vitunguu saumu vyake, akishauza anakuja kukaa kwenye kompyuta yangu na kuandika kwa kidole kimoja: "Wifi umeandika vizuri, endelea." Chini anaweka jina lake kamili. Nilikuwa namcheka! Mimi nilitaka wasomaji wa maana, si wifi anayenuka saumu.

Nikajiunga na wanablogu wenzangu wa Babati na Katesh. Tuliwekeana linki, wewe unaweka yangu, mimi naweka yako. Mmoja wa Katesh akanifundisha kutoa zawadi: kila wiki, komenti itakayojibiwa na watu wengi kuliko zote, mwenyewe anarushiwa vocha ya simu.

Jamani, watu walikuja! Ila komenti ya upole nani anaijibu? Aliyetukana ndiye aliyejibiwa, na aliyejibiwa ndiye aliyekula vocha. Niliona mapema kabisa mambo yanakokwenda, nikanyamaza kwa sababu kichwa kilishavimba.

Msimu wa palizi, wifi akaja kwangu hana mzigo wa saumu. Kaka alikuwa Hanang, akiendesha trekta kwenye mashamba ya ngano. Wifi akashika kikombe cha chai bila kunywa, akaniambia mimba imetoka.

"Lini?" nikamwuliza.

"Kabla ya kulima kwa mama. Sijamwambia mtu."

Wasiotoka kwetu niwaeleze. Mwanamke aliyepoteza mimba anakaa kando. Hachoti maji na wenzake, hali kwenye chombo kimoja na mtu, haingii nyumba ya mtu mpaka muda uishe asafishwe. Hali hiyo tunaiita metimani, na hata sisi tunaojaza kanisa kila Jumapili tunaiogopa, maana inasemwa inaua mifugo na kuharibu mazao.

Sasa wifi alikuwa kwenye kikundi cha akina mama wanaolimiana, leo shamba la huyu, kesho la yule. Shamba la mama ndilo lilikuwa linafuata. Angejitenga, zamu ile ingepotea na magugu yangemeza mahindi. Akajifunga kanga tumboni, akapalilia na wenzake, akawapikia, akala nao.

"Ningefanyaje wifi? Mama ni mzee, nimwachie magugu yale?" alisema. "Hili life na wewe."

"Limekufa," nikamjibu. Hapo ndipo akanywa chai.

Kesho yake nikaliandika! Sikutaja jina, nikajiona mwerevu sana. Niliandika: "Mwanamke mmoja muuza saumu wa Nambis amewalisha wenzake akiwa na metimani. Ungekuwa jirani yake ungemfanyaje?" Nikaongeza kwamba zawadi ya wiki hiyo ni kubwa. Wenzangu wakaisambaza linki kila mahali.

"Afungiwe nje kama mbwa." "Mwanamke mchafu, mume wake yuko wapi?" "Akichota maji kisimani kwetu namvunja mkono." Nilizisoma nikitabasamu, Mungu anisamehe! Kisha mtu mmoja aliyejificha kwa jina la bandia akaandika jina la wifi, jina la kaka, na mteremko wanakoishi.

Nilikuwa na uwezo wa kuifuta komenti ile. Mshale ulikuwa juu kabisa ya neno "futa", nauona mpaka leo. Lakini ilikuwa imejibiwa kuliko zote, na watu walikuwa bado wanamiminika. Nikaiacha. Mwisho wa wiki nikamrushia yule mtu vocha yake na kumpongeza mbele ya wote.

Siku hizohizo ndama wa jirani yao wakafa. Ilikuwa homa tu, ndama hufa kila mwaka! Simu zikapigwa Nambis, sababu ikapatikana. Nilipopanda huko nilikuta sahani na kigoda cha wifi vimetupwa nje ya ua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwulize huyo amenilisha nini."

Kaka akaitwa kutoka Hanang. Nilidhani atamtetea mkewe. Wapi! Alimwuliza jambo moja tu, mbele ya mama na mbele yangu: "Ulimwambia nani?"

Wifi akaniangalia.

"Sikumwambia mtu," akasema. "Labda nilionekana."

Akaamriwa arudi kwao Tumati. Binti yake ndiyo kwanza ameacha kunyonya, lakini mtoto ni wa ukoo wetu, akabaki. Nilimsindikiza wifi mpaka njia panda nikilia machozi yangu ya kinafiki, nikamwuliza kwa nini hakunitaja.

"Mama yenu hawezi kulea, mtoto utamchukua wewe," alisema. "Nikikutaja kaka yako atakufukuza, mwanangu abaki na nani? Mlee vizuri." Nikampa mkono, hakuupokea.

Hakwenda Tumati moja kwa moja. Alipita mjini, ambako watu walishaanza kugomea saumu yoyote ya Nambis, akakaa kwenye kompyuta ya mtu mwingine, akaniachia komenti ya mwisho. Chini aliweka jina lake kamili kama kawaida yake: "Ni mimi. Waacheni wauza saumu wengine wa Nambis, hawana kosa."

Mnajua walimjibu nini? "Hiyo ndiyo komenti ya wiki! Apewe vocha!" Waliijibu kuliko komenti yoyote niliyowahi kupata. Kwa sheria yangu mwenyewe, wifi alishinda.

Nikawaomba wenzangu waondoe linki. Yule wa Katesh alinicheka kwenye simu. "Dada, umetuletea watu kibao halafu unataka kufuta? Tuletee nyingine kama hiyo!" Nikaifunga blogu, lakini wao walishanakili kila neno.

Binti nimemlea, nimemsomesha kama wangu wa kuzaa. Alipopata akili aliniuliza mama yake yuko wapi. Nikamwambia alimwacha, akaenda zake. Ndiyo, niliongeza na hilo!

Juzi wifi amesikia habari za harusi, akatuma kanga mpya na shada la saumu lililosukwa vizuri. Binti hakuvigusa. "Shangazi virudishe," alisema. "Mwambie mimi sina mama." Nikavifunga, nikavirudisha kwa mkono wangu, na ule ujumbe nikaufikisha nilivyoambiwa. Wifi alisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza tu kama binti ni mrefu.

Nyinyi mnaoandika, na nyinyi mnaopenda kusambaza: ukiona watu wengi wamekujia, angalia kwanza wamekuja kumla nani. Siri ya mtu ukishaitoa huna mahali pa kwenda kuichukua.

Najua hapo chini mmeshaanza kukisia ni nani na wa ukoo gani. Nitukaneni mimi mnavyotaka, yeye muacheni. Na safari hii hakuna vocha.