Matete Magumu ya Baba

Nyumbani kwetu msichana hakupiga mluzi. Ukijisahau ukapiga, hata kama unafagia uwanja peke yako, Baba alikohoa mara moja tu, nawe ukajua. "Kuku jike hawiki," alisema. Maneno hayo wazazi wake waliyabeba kutoka Rwanda hadi Karagwe alikokulia, naye akayarudisha Kigali salama salimini, pamoja na klarineti yake. Aliipuliza katika bendi ya parokia miaka yote. Mtoto wa kiume wa kumrithisha hakumpata. Alinipata mimi.

Kisha kiharusi kikamshika upande wa kulia. Mdomo ukaenda upande, maneno yakaisha, na mtu aliyekuwa akijaza kanisa kwa pumzi zake akawa wa kulishwa uji kwa kijiko. Klarineti ilikaa juu ya kabati ndani ya mkoba wake, naye alishinda akiitazama. Siku ya Pasaka, kanisa la jirani lilipoanza ule wimbo wa maandamano aliokuwa akiupuliza kila Pasaka, vidole vyake vya kushoto vilicheza juu ya blanketi, machozi yakamtoka. Hapo nikaamua. Baba angeusikia wimbo huo tena kwa klarineti yake kabla hajafa, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kuupuliza, ningeupuliza mimi, kuku jike.

Mama aliguna tu. "Sikio la kufa halisikii dawa," akasema. Sikumuuliza kama alimaanisha langu au la Baba.

Sikujua lolote. Sikujua hata kwamba sauti haianzii kwenye lile bomba jeusi bali kwenye tete, kipande chembamba kama kijiti cha aiskrimu kinachofungwa kwenye kipulizio, ambacho huchakaa na kubadilishwa. Matete ya Baba yaliyobaki mkobani yalikuwa yamepinda na kuota ukungu. Hapa mjini sikupata pa kununua mengine, nikampigia binamu yangu aliye Dar es Salaam. "Namba ngapi?" akauliza. Nikageuza kiboksi cha zamani cha Baba, nikamsomea: tatu na nusu. Sikuona cha kufikiria. Mtoto hurithi shamba kama lilivyo, hapunguzi mipaka.

Kifurushi nilikipokea kwenye stendi ya mabasi ya Nyabugogo, katikati ya magunia ya vitunguu na wapagazi wanaokusukuma kwanza, radhi wakakuomba wakiwa wameshapita. Nilikibana kwapani hadi nyumbani kama mtu aliyebeba mayai.

Sauti haikutoka. Nilikuwa nikijifunza saa ya chakula, nyuma ya ghala ninakofanya kazi huko Masoro, kwa sababu majirani zetu hawachelewi kumpigia simu kiongozi wa mtaa wakisikia kelele. Klarineti niliitoa alfajiri Baba akiwa amelala, nikairudisha usiku, na mkoba wake ukabaki palepale juu ya kabati. Nilipuliza hadi masikio yakaziba na mdomo wa chini ukachanika kwa ndani. Ilitoka hewa tu, fuuu, kama tairi lililotobolewa. Nikadhani tete lile ni bovu. Nikafunga lingine, kisha lingine. Yote yalikuwa mazima, mbovu nilikuwa mimi. Nikaketi juu ya katoni za sabuni nikalia kwa hasira, maana hata mtu wa kumlaumu sikuwa naye.

Kuna Mkongomani anayepiga saksafoni kwenye baa moja ya Gisimenti, na klarineti kwenye harusi. Nilimfuata mchana mmoja wakiunganisha spika, nikamwonyesha tete langu. Akacheka.

"Dada, nani alikuambia ununue iyi? Iyi ni ya mutu mwenye amepiga miaka mingi. Weye unaanza, chukua mbili. Namba haiko cheo, ni ugumu tu."

"Ni namba ya baba yangu."

"Basi baba yako iko na mudomo ya chuma." Aliponiona uso akaacha kucheka. Alinipa matete mawili ya namba mbili kutoka kwenye mfuko wake, akanifundisha kuyalowesha mdomoni kwanza na kuyainua kwenye mwanga, uone kama ile sehemu nene ya katikati imekaa sawa au imeegemea upande mmoja.

Namba mbili ilitoa sauti. Ilikuwa sauti ya puani, ya mbuzi aliyefungiwa, lakini ilikuwa sauti. Nikaugangamalia ule wimbo hadi mstari wa kwanza ukatambulika.

Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, watu waliporudi na majembe yao na mtaa ukatulia, nikaishusha klarineti.

"Unakwenda kumpulizia?" Mama akauliza. "Mwanangu, atakasirika. Unamjua."

"Mama, hata kukohoa hawezi," nikamjibu, kwa ukali ambao hakustahili. Akarudi jikoni kumenya ndizi zake.

Nilipuliza mstari wangu nikiwa nimesimama mbele ya kitanda. Baba alifumba macho, akageuzia uso ukutani.

Sikujua ni kwa nini. Huenda ni sauti ile mbaya, huenda ni mimi binti yake kusimama pale na mashavu yamevimba. Na kwamba hakuweza kuniambia ni lipi, hilo ndilo lililoniua. "Baba," nikasema, "ni wimbo, au ni mimi?"

Akaugeuza uso polepole. Mkono wake mzima ukanyooka kuelekea kwenye mkoba. Nikamtandazia matete yote juu ya blanketi. Aliinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha, jicho moja amelifumba, kama nilivyokuwa nikimwona nikiwa mdogo nikichungulia mlangoni. Yale ya namba mbili aliyaweka kando. Akachagua tatu na nusu, akalitia kwenye pembe nzima ya mdomo wake kulilowesha, mate yakimtiririka kidevuni. Kisha akalitoa, akanipa.

Nilitia mdomoni mwangu kitu kilichotoka mdomoni mwa baba yangu, mtu ambaye hata kikombe hatukuwahi kuchangia. Nikapuliza. Fuuu. Nikapuliza tena kwa nguvu zangu zote, na roho yangu ikiomba. Fuuu.

Akaninyang'anya. Nikamshikia klarineti upande wa chini, akaibana kwa midomo yake, akavuta pumzi. Hewa ikamtoka kwenye ile pembe iliyokufa. Fuuu. Akajaribu tena, jasho likamtoka kwenye paji la uso, mshipa wa shingo ukasimama. Fuuu. Ilikuwa ileile yangu, haikuwa na tofauti yoyote.

Ndipo aliponitazama. Sikuona hasira, niliona hofu, na nikaelewa kwamba muda wote huo alipokuwa akiitazama juu ya kabati, alikuwa anasubiri apone aishushe. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba hataipuliza tena. Nimemwambia mimi, kwa kumletea.

"Nani anapuliza?" Mama akauliza kwa sauti kutoka jikoni. "Ni wewe au ni baba yako?"

Nikamtoa klarineti mdomoni, nikamfuta kidevu kwa ncha ya kitenge changu.

"Ni mimi, Mama," nikasema. "Ni mimi tu."