Nukta za Unga wa Muhogo

Juzi binti yangu alinionyesha mchoro kwenye simu, nukta nyeupe zimepanda kwa mistari iliyopinda. "Mama, hawa wanawake wa Kiaborijini wa Australia huchorana hivi vifuani kwenye ngoma zao. Siku hizi wanachora na kwenye turubai." Nilishtuka mpaka simu ikanitoka mkononi. Nukta zile nilishaziona Ujiji, nilipokuwa mtoto.

Mchana mmoja nilisukuma mlango wa chumba cha bibi, namtafuta shangazi Zuhura aliyekuwa karibu kuolewa. Chumba kilinukia mawese, akina mama wanaimba kwa sauti ya chini. Shangazi alikaa mkekani kifua wazi, anang'aa mafuta, nukta za unga wa muhogo zimempanda kutoka kitovuni hadi mabegani. Mimi nilijua sababu moja tu ya kumpaka mtu madoa meupe: dawa ya upele.

"Jamani, shangazi ana tetekuwanga! Atakufa!"

Wimbo ukakatika. Bibi akaniziba macho kwa kiganja chenye mawese. "Hujaona kitu, wewe!"

Sasa najua alikuwa anafundwa. Lakini binti yangu alipookota simu na kuukuza ule mchoro, nilisikia sauti ya bibi ikitoka kinywani mwangu, na kiganja changu kimeshamziba macho.